Nina laki nne na nusu, nipo Mwanza: Samsung A16, Redmi Note 13 au Infinix Hot 40 Pro?

Karani wa Dagaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimepitia nyuzi nyingi za simu humu, nyingi zimeandikwa na wacheza gemu na wapiga picha za harusi. Mimi kazi yangu dagaa. Nipo soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, nakaa na daftari na mzani toka saa kumi na mbili asubuhi, jua linapanda linanikuta hapohapo na linashuka linaniacha hapohapo. Simu ndiyo duka langu. Mteja wa Kahama hatumi hela kabla hajaona picha ya mzigo. Wa Dar anataka video gunia likifunguliwa mpaka chini, asije akauziwa dagaa wa kichanja juu na wa mchangani chini. Na kuna mama mmoja wa Congo, huyo ananitumia sauti za dakika nne nne kwenye WhatsApp na anataka nijibu papo hapo.

Simu niliyonayo sitaitaja kampuni, imenisogeza miaka mitatu, nashukuru. Lakini tundu la chaji limelegea, mpaka niiegemeze kwenye kikombe cha chai kwa pembe fulani ndiyo inakubali. Na kioo chake juani ni kama unaangalia bati. Juzi mteja kalipa, ujumbe umeingia, mimi natazama kioo sioni kitu, nikamwambia mbele za watu "bado mama, hela haijafika". Nilipoingia chini ya turubai nikaukuta ujumbe una dakika ishirini. Aibu yake siwezi kuieleza.

Sasa nina 450,000, na kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa gizani na sasa mbalamwezi inaingia, wiki hii mzigo utakuwa mdogo, nina nafasi ya kuzunguka. Nimeshapita mjini, maduka ya Rufiji na ya kuelekea Makoroboi, nikapewa bei hizi: Samsung Galaxy A16 ya 4G yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 6 na hifadhi GB 128, 440,000. Redmi Note 13 ya 4G, RAM 8 na GB 256, mwisho kabisa 460,000. Infinix Hot 40 Pro, RAM 8 na GB 256, 420,000 na kava wananipa.

Muuzaji wa kwanza kaniambia Samsung ni jina tu. Wa pili kaniambia Infinix ni za watoto wa chuo. Wa tatu alikuwa na Redmi peke yake dukani, mnajua alichoniambia.

Nisaidieni. Gemu sichezi. Nikinunua simu nakaa nayo mpaka ife.

Kigingi

Naweka kiti hapa nisubiri wajuvi. Mimi nina laki mbili tu lakini kusoma ni bure.

Kijana wa Malimbe

Mkuu hapa hakuna hata mjadala, chukua Infinix. RAM 16, GB 256, kamera megapikseli 108, kioo 120Hz, chaja ya wati 33 ipo ndani ya boksi. Samsung hiyo A16 unanunua boksi lina simu na waya, chaja hakuna! Yaani umelipa laki nne na nusu halafu uende tena dukani kutafuta kichwa cha chaji. Hapana aisee.

Karani wa Dagaa

RAM 16? Mimi niliambiwa 8.

Fundi wa Ngazini

Uliambiwa kweli. Dogo kasoma namba kubwa kwenye boksi. Ile wanaandika 8+8. Nane ya kwanza ndiyo RAM yenyewe, nane ya pili simu inakata kipande cha hifadhi yako ya ndani na kukifanya kama RAM. Hifadhi haina kasi ya RAM, kwa hiyo kwenye matumizi tofauti yake ni ndogo mno, na nafasi yako ya kuweka video ndiyo imeliwa. Karibu kampuni zote zinafanya hivi siku hizi, Samsung wanaiita RAM Plus. Ukinunua simu uliza nane ngapi za kweli, basi.

Kwa kuwa umeuliza vizuri ngoja nikujibu vizuri. Natengeneza simu mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo mimi simu naijua kwa ndani kuliko kwa nje.

Kwanza usihangaike na prosesa, yaani ubongo wa simu. A16 ya 4G na Hot 40 Pro zina prosesa ileile, MediaTek Helio G99. Redmi Note 13 ya 4G ina Snapdragon 685. Zote zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6, hazichemki ovyo na hazili sana chaji. G99 ina nguvu kidogo zaidi kwenye gemu. Kwa WhatsApp, M-Pesa na sauti za mama wa Congo, hutajua ipi ni ipi. Anayekwambia hii ina kasi ile haina, mwambie akupe uzijaribu umefumba macho.

Pili, kamera. Redmi na Infinix zote zina 108. Lakini ukibonyeza picha ya kawaida, simu inaunganisha nukta tisa kuwa moja, unapata picha ya megapikseli 12. Ukiituma WhatsApp, WhatsApp nayo inaikamua tena mpaka inabaki maji matupu. Mteja wako wa Kahama hataona 108 wala 50 ya Samsung. Ukitaka aone dagaa walivyo, usitume kama picha, bonyeza alama ya kiambatisho, chagua dokumenti, kisha ichague picha yako hapo. Inafika kama ilivyopigwa. MB itakula, lakini utauza.

Tatu ndiyo lako hasa: kioo. Infinix hiyo ni IPS. Samsung na Redmi ni AMOLED, na hizi mbili zinang'aa zaidi juani. Kwa mtu anayekaa kivulini IPS haina shida yoyote na fundi utamlipa kidogo ikipasuka. Kwa mtu anayekaa Mwaloni saa saba mchana, mimi ningekwenda AMOLED hata kama ningeongezea hela ya mboga.

Kijana wa Malimbe

Sawa fundi nimekubali la RAM. Ila chaja je?

Fundi wa Ngazini

Chaja umesema kweli, Samsung hawaweki. A16 inapokea wati 25, nayo inataka kichwa kinachoelewana nayo. Ukinunua cha elfu tano barabarani kilichoandikwa "25W" kwa wino unaofutika kwa kidole, itachaji kama ya kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Weka 30,000 hadi 40,000 pembeni kwa ajili ya kichwa cha maana. Kwa hiyo A16 yako si 440, ni kama 475.

Mama Wawili wa Ukara

Habari zenu humu ndani. Mimi nipo kisiwani, nina duka na nachajia watu simu kwa sola. Naomba niseme kitu kimoja wanaume hawa hawakisemi.

Wati 33, wati 45, ni hadithi za umeme wa ukutani. Kwangu hapa tundu la sola linatoa volti 5 na ampia 2, yaani wati 10. Uje na simu ya bei gani, ni wati 10. Betri zenu hizi zote ni 5000 mAh, mwanangu wa sekondari alinipigia hesabu, ni kama wati-saa 19. Gawanya kwa 10, ni saa mbili, na kuna inayopotea njiani, kwa hiyo saa mbili na nusu mpaka tatu jua likiwa zuri. Hapo Samsung na Redmi na Infinix zinalala kitanda kimoja. Nimeona vijana wanatoka mjini na simu mpya, wanasema mama hii inajaa kwa saa moja, nawaambia kaa mwanangu, kunywa uji.

Kama mdogo wangu karani unavuka kwenda kambini kufuata mzigo, angalia simu inayokaa na chaji, na uwe na kitochi pembeni. Laini ya kupokelea hela iweke kwenye kitochi. Kinakaa siku nne.

Karani wa Dagaa

Dada umeniokoa. Navuka mara mbili kwa mwezi na siku zote nalia na chaji. Kitochi ninacho, kimevunjika mfuniko nimekifunga na raba, lakini kinapiga.

Bei ya Dubai

Mkuu mbona unajitesa na simu za plastiki. Kwa laki nne na nusu mimi nakupa Samsung S ya Dubai, iliyotumika kidogo sana, kioo bapa, kamera ya maana, mwili wa chuma. Au Google Pixel. Picha ya Pixel ukimpiga dagaa anaonekana anapumua. Nipo hapa hapa mjini, njoo PM, ujumbe wa faragha.

Nkoyi wa Kisesa

Dagaa akipumua huyo hajakauka, mteja atamrudisha 😂

Fundi wa Ngazini

Nkoyi umenichekesha nikachoma kidole na chuma cha kulehemu.

Ndugu wa Dubai simkatai, kuna simu nzuri zinatoka huko. Ila mnunuzi ajue anachonunua. "Imetumika kidogo" hakuna anayepima. Betri ya simu ya miaka minne imeshazeeka hata kama mgongo unang'aa, na kwenye AMOLED ya zamani washa picha nyeupe uangalie: utakuta kivuli cha kibodi kimeganda kwenye kioo kama jasho kwenye kola. Nyingine zimefungwa kwa mtandao wa nchi zilikotoka. Na Pixel, Januari 2025 Google wenyewe walituma apdeti kwenye Pixel 4a iliyopunguza uwezo wa betri kwenye baadhi ya simu hizo, kwa sababu ya hofu ya kupata joto. Mtu kalala na simu nzima, kaamka na simu ya nusu siku. Kwa kazi ya karani huyu, aliyesema anakaa nayo mpaka ife, mimi nisingemshauri.

Bei ya Dubai

Biashara zenu za kuharibiana mimi siziwezi. Kila la heri.

Asiye na Haraka

Mkuu kwa nini usichukue ya mkopo? Unalipa kianzio, zinazobaki unalipa kidogo kidogo kila siku. Unapata hata ya laki nane.

Nkoyi wa Kisesa

Hapo naomba niingie kwa uchungu. Mimi nilichukua ya mkopo, kampuni siitaji. Simu ya 380,000 kwa bei ya dukani, nimepiga hesabu mwishoni nimelipa karibu 700,000. Hilo nimesamehe, nilisaini mwenyewe. Lakini siku moja nilikuwa msibani Magu, mtandao unasumbua, malipo hayajaingia, saa sita usiku simu ikajifunga. Kioo kikawa kinanionyesha namba ya kulipia tu. Ndugu zangu wananitafuta niwaambie gari la jeneza limefika wapi, mimi nimeshika kigae. Nililipa asubuhi, ikafunguka saa tisa mchana.

Karani wewe una hela mkononi. Nunua iwe yako.

Kigingi

Pole sana nkoyi. Hii sikuijua.

Karani wa Dagaa

Pole ndugu yangu. Mkopo nimeufuta kichwani.

Fundi, swali. Mimi vyombo vinaniponyoka, mikono ina mafuta na magamba muda wote. Kioo kikipasuka nitalia kiasi gani? Na alama ya kidole je, kwenye simu yangu ya sasa dagaa wakishika vidoleni haifunguki kabisa, nafuta kwenye suruali mara tatu.

Fundi wa Ngazini

Hapa ndipo ulipo utamu, kaa vizuri.

Kioo cha IPS cha Infinix ni rahisi kupata na ni rahisi kwa bei. Tecno, Infinix na itel ni za tumbo moja, mama yao ni Transsion wa Shenzhen, na mjini hapa vifaa vyao vimejaa kama nyanya. Kioo cha AMOLED orijino, cha Samsung au cha Redmi, kinaweza kukufikia bei ya theluthi ya simu au zaidi. Sasa mafundi tunafanya nini? Wengine, sisemi wote, anakuwekea kioo cha kopi. Kinaitwa insel. Kinawaka, kinagusika, mteja anaondoka anacheka. Baada ya wiki anarudi: fundi mbona simu inakula chaji, mbona nyeusi imekuwa kijivu, mbona juani sioni.

Na hapa Redmi ina siri yake. Redmi Note 13 kisoma kidole kipo chini ya kioo chenyewe, kinamulika mwanga kidole chako kisome. Ukiweka kioo cha kopi kisicho AMOLED, kidole hakisomi tena, kwa sababu mwanga haupiti. Kwa hiyo wateja wa Redmi wanatujua haraka. A16 na Hot 40 Pro kisoma kidole kipo ubavuni kwenye kitufe cha kuwashia, ukibadilisha kioo hakiguswi.

Vidole vya magamba hakuna kisomaji kitakachovipenda, cha ubavuni wala cha chini ya kioo. Weka namba ya siri. Ila usiweke 1234 kama ya mzee mmoja nimemtengenezea jana.

Maji: A16 na Redmi Note 13 zote zimeandikwa IP54. Ile 5 ni vumbi, ile 4 ni maji ya kurukiwa. Mvua ya kutoka Mwaloni mpaka kwenye daladala, sawa. Kuanguka ziwani, hapana. Watu wanasoma IP halafu wanaenda kuogelea nayo Capri Point.

Mwalimu wa Sengerema

Naomba niongezee jambo ambalo kwa mtu wa "nakaa nayo mpaka ife" mimi naliona ni la kwanza: apdeti.

A16 ilitoka na Android 14 na Samsung wameahidi matoleo 6 ya Android na miaka 6 ya apdeti za usalama. Kwa simu ya bei hii hilo halikuwepo zamani; A15 iliyoitangulia ilikuwa matoleo 4 na miaka 5. Redmi Note 13 ilitoka na Android 13, kwa hiyo imeanza safari ikiwa nyuma kituo kimoja, na ahadi yake ni fupi kuliko hiyo. Infinix Hot haijawahi kuwa simu ya kusifiwa kwa apdeti.

Mtasema apdeti ni mbwembwe. Simu ya karani ina M-Pesa, ina programu ya benki, ina hela za watu. Programu hizo kila mwaka zinaacha matoleo ya zamani nyuma. WhatsApp mwaka 2025 ilitaka Android 5.0 kwenda juu, chini ya hapo haikukujua. Mwenye A16 hatakuwa na wasiwasi huo kwa muda mrefu sana.

Kijana wa Malimbe

Mwalimu, kwa heshima, mwaka wa sita hiyo simu itakuwa na RAM 6 na betri iliyochoka, apdeti ya nini? Ni kama kumvalisha babu viatu vya mpira.

Mwalimu wa Sengerema

Babu akivaa viatu vizuri hateguki mguu, mjukuu wangu. Betri inabadilishwa.

Fundi wa Ngazini

Mwalimu yupo sahihi, na dogo naye hajakosea sana. RAM 6 mwaka wa tano itakuwa inapumua kwa shida. Karani, ukiweza kupata A16 ya RAM 8, ipo, ila bei inapanda. Ya RAM 4 ikimbie.

Na angalizo la mwisho kabla hujatoa hela. Bonyeza *#06#, namba za IMEI, za kuitambulisha simu, zitatokea kiooni. Zilinganishe na zilizoko kwenye boksi, tarakimu moja moja, usitazame mwanzo na mwisho tu. Kisha tuma IMEI hiyo kwa SMS kwenda 15090, mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, utakurudishia aina ya simu. Ikirudi jina lingine, shikamoo, ondoka. Tuliokuwepo Juni 2016 walipozima simu feki tunakumbuka watu walivyobaki na vigae mkononi.

Karani wa Dagaa

Wakuu asanteni sana. Kesho naingia mjini. Nitarudisha majibu.

Kigingi

Siku ya tatu leo. Karani kapotea na laki nne na nusu.

Nkoyi wa Kisesa

Atakuwa kashuka na ile ya Dubai.

Karani wa Dagaa

Nipo wakuu, sikupotea. Nilitaka niitumie kwanza ndiyo niandike.

Nilikwenda mjini saa saba mchana kwa makusudi. Asubuhi kila simu ni nzuri. Duka la kwanza nikaomba A16 na Hot 40 Pro za maonyesho, nikamwambia kijana twende nje mlangoni. Akakataa. Nikamwambia basi shika wewe, mimi nitazame. Akatoka akiwa amezikumbatia kama mayai.

Nilichofanya: kwenye kila simu niliandika ujumbe wa mfano, "Umepokea TSh 85,000", maandishi ya kawaida, mwanga nikaupandisha mwisho. Hot 40 Pro niliusoma, lakini mpaka nikunje uso na kuweka kiganja juu ya kioo kama nakinga upepo kwenye kibiriti. A16 niliusoma nikiwa nimesimama wima. Nikahamia duka la yule mwenye Redmi peke yake. Redmi juani ndiyo ilizishinda zote, hilo nasema bila kupepesa. Weupe wa kioo ulikuwa weupe kweli, nikaona mpaka sifuri mbili za mwisho. Moyo ukaenda huko. Nikasahau apdeti za mwalimu papo hapo, mwalimu unisamehe.

Nikashika 455,000 tukakubaliana. Kabla ya kuhesabu hela nikakumbuka maneno ya fundi. *#06#. Tarakimu kumi za kwanza sawa na boksi. Kumi na moja, sawa. Ya kumi na mbili kwenye simu ilikuwa 3, kwenye boksi 8. Nikadhani macho yangu, nikamwita kijana aliyekuwa jirani anunue protekta, naye akaona 3. Muuzaji akacheka, akasema maboksi yalichanganyika wakati wa kupanga, simu ni ileile. Nikamwambia basi nitafutie boksi lake. Akatafuta chini ya meza, akatafuta stoo, akarudi na bei: chukua kwa 400,000 tumalizane.

Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Mtu akikupunguzia elfu hamsini na tano bila kuombwa, kuna kitu anakijua.

Nikatoka. Duka la nne, kuelekea Pamba, mama mmoja mtu mzima anauza taratibu, alikuwa na Redmi Note 13 ya RAM 6 na GB 128, 410,000. IMEI sawa zote kumi na tano. Nikatuma 15090, ujumbe ukarudi na jina la Redmi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akanipa bila kuombwa. Nimechukua.

Fundi wa Ngazini

Kazi nzuri. Mimi ningechukua A16, lakini macho ni yako na jua ni lako. Hapo kwenye 3 na 8 umejiokoa.

Mwalimu wa Sengerema

Umesamehewa. Tutaonana mwaka wa nne.

Karani wa Dagaa

Hahaha, mwalimu tutaonana.

Sasa nieleze na mabaya. Nilipotoka dukani nikabandika protekta ya kioo ya elfu tatu barabarani, ile nene. Kidole kikakataa hapohapo, hata kikavu. Nikaibandua kesho yake, kikakubali. Kwa hiyo fundi aliposema kuna mwanga unapita hapo chini nimemwelewa kwa hela yangu. Nimeweka ile nyembamba ya plastiki, na kazini natumia namba ya siri kama alivyosema. Magamba ya dagaa yananing'ang'ania vidoleni kama unga wa fedha, simu inaona si mtu huyu.

Matangazo na programu ambazo sikuziomba zilikuwepo, nimekaa jioni moja nafuta. Rangi za picha zimekolea kuliko dagaa wenyewe. Nilimtumia mteja wa Dar, akaniuliza mbona leo dagaa wanang'aa hivyo, umewapaka nini? Ikabidi nimtumie nyingine ya kivulini kama dokumenti ndiyo akaamini.

Jana mteja mwingine kalipa saa saba na robo, jua utosini. Nimetazama kioo, nimesoma kiasi, nimemwambia "imefika mama" kabla hajaweka simu yake kwenye mkoba.

Mama Wawili wa Ukara

Hongera mdogo wangu. Ukija huku lete tuichaji tuone kama hesabu ya mwanangu ni ya kweli.

Karani wa Dagaa

Dada nimeshajaribu, kwa paneli ya jirani yangu hapa Igombe. Kutoka asilimia 18 mpaka 100 imechukua saa mbili na dakika arobaini. Mwambie mwanao apewe soda.

Kigingi

Mkuu achana na simu sasa. Debe la dagaa leo mnauzaje?

Karani wa Dagaa

Leo mwezi mpevu, mitumbwi imelala ufukweni, hakuna mzigo. Nitafute wiki ijayo giza likirudi, nitakutumia picha. Kama dokumenti.